Je, Wajua Msumeno wa Seremala Hukata Bamba Nene la Alumini?

Msumeno wa mviringo wa umeme, uliotengenezwa kwa ajili ya mbao, unaweza kupasua bamba la alumini lenye unene wa milimita 20. Meno yake huwa na ncha za kabaidi ya tungsteni, ambayo ni ngumu kuliko alumini mara nyingi. Mwenye shaka atauliza: na kasi je? Bledi ya kipenyo cha milimita 254 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, ncha za meno huenda takriban mita 53 kwa sekunde, kasi ambayo ingeyaunguza yakikutana na chuma. Shaka hiyo ni ya haki kwa chuma, kinachoyeyuka karibu na nyuzijoto 1,500. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzijoto 660 tu, na aloi zake kabla ya hapo, hivyo msuguano hauwezi kulipandisha joto la jino kupita kiwango hicho, na kabaidi hustahimili joto hilo bila kulainika.

Adui basi si ugumu, ni kunata. Ushahidi ni kwamba aloi ya 6061 iliyokomazwa kwa joto hukatika vizuri zaidi kuliko alumini safi, ingawa ni ngumu zaidi: iliyo laini hugandamana na jino, nalo huanza kusugua badala ya kukata. Katika bamba nene hatari huongezeka, kwa kuwa jino hukaa muda mrefu ndani ya mkato na chenga zote hubanana kwenye nafasi iliyo mbele yake. Ndiyo maana bledi ya meno mengi, inayofaa bamba jembamba, husongwa hapa. Nta inayopakwa kwenye bledi huzuia kugandamana. Kusukuma polepole mno nako si usalama, maana jino lisilong'ata huzalisha joto tu.

Wapo wanaosema kwamba kuwezekana si kuwa salama, na wana haki. Bamba lisilofungwa imara likiibana bledi, msumeno hurushwa nyuma. Chenga za moto huruka kuelekea macho. Na vumbi la alumini likichanganyika na la mbao ndani ya mfuko mmoja wa kukusanyia vumbi, cheche moja yatosha kuwasha moto. Lakini hatari hizi zinadai jiriwa, miwani ya kinga na mfuko uliosafishwa. Hazithibitishi kwamba chombo hakifai, ila kwamba mazoea ya kukata mbao peke yake hayatoshi.