Kinyama Kwenye Jicho: Usikimbilie Urembo Kabla ya Uchunguzi



Je, una kinyama kilichoota kwenye weupe wa jicho, upande wa pua? Watu wengi wanaoshinda juani, shambani au barabarani, wanacho. Wengine wanaona haya kutazamwa, na wanauliza kama kinaweza kuondolewa Kampala ili jicho lipendeze tena.

Ndiyo, kinaweza. Lakini kwanza jua ulicho nacho.

Kuna doa la manjano lililoinuka kidogo, ambalo halifiki kwenye sehemu nyeusi ya jicho. Hilo kwa kawaida halihitaji kisu. Kuna pia kinyama chenye umbo la bawa kinachotambaa polepole kuelekea katikati. Si saratani. Daktari hukikata kikikaribia mboni, kikivuta jicho na kuharibu uoni, au kikiwasha bila kukoma. Mgonjwa hupigwa ganzi na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikikatwa tu, mara nyingi huota tena. Ndiyo maana madaktari hufunika kidonda kwa kipande cha ngozi laini kutoka jicho hilo hilo.

Kwa nini tunasisitiza uchunguzi?

Saratani ya uso wa jicho huanza ikifanana na kinyama hicho. Mwaka 1995 Dk. Christopher Ateenyi-Agaba wa Kampala aliandika katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wengi wa saratani hiyo aliowachunguza walikuwa na virusi vya UKIMWI. Jua kali la ukanda wetu nalo huchangia. Kuwa na kinyama hakumaanishi una virusi. Hata hivyo, ukishauriwa kupima, kubali: matibabu yapo.

Nenda kituo cha afya haraka ukiona:
- kinyama kinakua kwa wiki au miezi michache;
- kina utando mweupe au mishipa mingi ya damu;
- kinatoa damu, kinauma, au uoni unapungua.

Omba karatasi ya rufaa kwenda kliniki ya macho, kama ile ya Hospitali ya Mulago, Kampala. Kabla ya upasuaji, uliza: "Je, kinyama kitapelekwa maabara?" Macho ya daktari peke yake hayatoshi kutofautisha. Saratani ikigunduliwa mapema, jicho huweza kuokolewa. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dawa ya matone baada ya upasuaji hupunguza saratani kurudi. Ukichelewa, huenda jicho lote likaondolewa, na hata maisha yakawa hatarini.

Usitie majani, mkojo wala dawa ya kuazima jichoni. Vaa kofia yenye ukingo mpana, watoto pia.

Ukimwona jirani mwenye kinyama kinachokua, usimcheke. Msindikize kituoni wiki hii.