Bustani ya Nyumbani na Mbu wa Mchana

Masika yanapomalizika Bagamoyo, ua wa nyumba hubadilika sura. Mchicha huchipua katika tuta la kando ya jiko, matembele hutambaa chini ya mnazi, na mlonge uliopunguzwa matawi huwa tayari na majani mapya ya kuchumwa. Katika ua huo huo, hata hivyo, kipo kifuu kilichojaa maji ya mvua, kuna tairi kuukuu lililopandwa maua, na chini ya chungu cha asumini kuna sahani yenye maji yasiyomwagwa kwa siku nyingi. Mwenye kuinama na kutazama kwa makini huona humo viluwiluwi wakipanda na kushuka.

Bustani rafiki kwa mazingira ina manufaa makubwa katika mwambao huu. Udongo wake wa mchanga haushiki maji, hivyo mboji na matandazo ya majani makavu huuwezesha kutunza unyevu hata baada ya mvua kukatika. Majani yanayogeuzwa mboji hayachomwi, na mgonjwa wa pumu katika kaya huepushwa na moshi. Kivuli cha mwembe au mwarobaini hupunguza joto la ua, na mboga hufika chunguni bila gharama ya sokoni. Tatizo huanzia kwenye maji yanayohifadhiwa au kusahauliwa.

Bagamoyo inafahamika katika utafiti wa malaria. Tawi la Taasisi ya Afya Ifakara mjini humo lilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya RTS,S. Wakazi wengi wamezoea kwamba mbu ni adui wa usiku na kwamba chandarua ndiyo kinga yake. Lakini Aedes aegypti, mbu anayeeneza homa ya kidingapopo, huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, saa ambazo watu humwagilia, hupalilia na kucheza na watoto uani.

Ugonjwa huo si mgeni katika pwani hii. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, aliandika mwaka 1872 kuhusu mlipuko wa homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, ingawa baadhi ya wataalamu wa sasa hudhani kwamba huenda ilikuwa chikungunya. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa kidingapopo mwaka 2014. Mwaka 2019 wagonjwa waliothibitishwa nchini walizidi 6,000, wengi wao wakiwa katika jiji hilo.

Mbu huyu hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Mayai hayo huweza kustahimili ukavu kwa miezi kadhaa, kisha yakaanguliwa mvua inaporudi. Kwa sababu hiyo kumwaga maji pekee hakutoshi: kuta za chombo lazima zisuguliwe kwa brashi. Katika joto la pwani, safari ya kutoka yai hadi mbu mzima huweza kukamilika kwa takriban siku 7 hadi 10. Kazi hiyo basi ifanywe kila wiki. Tena, mbu huyu kwa kawaida haruki mbali na mahali alipozaliwa. Anayeuma uani huenda amezaliwa uani humo humo au kwa jirani.

Hatua zenyewe hazihitaji fedha nyingi. Simtanki na mapipa yafunikwe barabara, na matundu yake yazibwe kwa wavu laini. Sahani za vyungu zijazwe mchanga. Vifuu na makopo yakusanywe na kutupwa, na matairi yatobolewe chini ili yasituamishe maji. Mchaichai hupandwa kwa ajili ya chai na harufu yake, lakini mche uliosimama bustanini hauwezi kuilinda nyumba dhidi ya mbu. Dawa ya kupulizia nayo huua mbu wanaoruka, ikaacha mayai salama, na huweza kuwadhuru nyuki wanaochavusha maboga na matikiti.

Kwa mhudumu wa afya, mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo chake cha malaria hakikuonesha vimelea anastahili swali moja zaidi: ni nini kinachotuamisha maji nyumbani kwake? Kidingapopo hakina dawa mahususi ya kuua virusi vyake. Mgonjwa anywe maji ya kutosha na atumie parasetamo kwa kipimo sahihi. Asitumie aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutoka damu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutoka damu puani au kwenye fizi, kulegea sana au kukosa utulivu ni dalili za hatari, na mara nyingi hujitokeza homa inaposhuka, wakati ndugu wanapodhani mgonjwa amepona. Apelekwe hospitali bila kusubiri.

Vuli haiko mbali. Mayai yaliyoganda leo katika kopo kavu nyuma ya jiko yanasubiri mvua hiyo, na brashi ikipitishwa sasa yataondoka kabla haijanyesha.