Ovadrafti Imekukalia? Jinsi ya Kuitoka Hata Pesa Ikiwa Ngumu

Mshahara umeingia asubuhi, lakini ukiangalia salio bado linasoma hasi. Unatoa pesa za rent, za soko na za fare, na kufikia tarehe 20 uko pale pale ulipokuwa mwezi jana. Wateja wengi hutuuliza: nitatokaje hapa na sina pesa ya ziada?

Jibu letu fupi ni hili: ovadrafti hailipwi kwa mkupuo, hulipwa kwa kupunguza kiasi unachorudi kuchukua. Hebu tuone kwa nini, halafu tupige hesabu pamoja.

Kwa nini ovadrafti ni ngumu kuisha

Mkopo wa kawaida una mwisho. Unalipa kila mwezi, na siku ya mwisho inajulikana. Ovadrafti haina siku hiyo. Ni ruhusa ya kutoa pesa zaidi ya zile ulizonazo, hadi kikomo fulani, na kila pesa inayoingia inalipa deni kwanza.

Tuseme mshahara wako ni shilingi 38,000 na benki imekupa kikomo cha 40,000, ambacho umekimaliza chote. Mshahara ukiingia, akaunti inasoma hasi 2,000. Lakini bado unaweza kutoa 38,000, kwa hivyo unahisi kama mshahara uko. Ukweli ni kwamba mshahara umeshalipa deni, na pesa unayotoa sasa ni ya benki. Mwisho wa mwezi umerudi hasi 40,000. Umelipa deni, na umelichukua tena lote.

Ya simu nayo hufanya kazi vivyo hivyo. Tangu Fuliza ianze Januari 2019, "kufuliza" limekuwa neno la kila siku mtaani, na mtu anaweza kufuliza, kulipa na kufuliza tena mara kadhaa kwa wiki bila kuona kama ana deni.

Hatua ya 1: Jua kila deni linakula ngapi kwa siku

Usianze na deni kubwa kwa sababu tu ni kubwa. Anza na linalokula zaidi. Viwango tunavyotumia hapa ni vya mfano, weka vyako.

- Benki: unadaiwa 40,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Zidisha 40,000 kwa 0.20, gawanya kwa siku 365. Unapata karibu shilingi 22 kwa siku.
- Simu: unadaiwa 2,500 na ada ni shilingi 25 kwa siku. Ukikaa nalo siku 30, umelipa 750.

Umeona? Deni la 2,500 linakula kuliko la 40,000! Hapo ndipo pa kuanzia. Lile dogo likiisha, zile 750 zinabaki mfukoni mwako kila mwezi, na unaweza kuzielekeza kwenye lile la benki.

Ukiangalia benki, usiishie kwenye riba. Uliza pia ada ya kufungua na kuhuisha ovadrafti, na adhabu ya kupita kikomo. Omba wakuandikie gharama yote kwa jumla, si asilimia peke yake.

Hatua ya 2: Shuka ngazi, usiruke

Kama ungekuwa na 2,500 za kulipa na kusahau, ungeshalipa. Kwa hivyo shuka polepole. Mwezi huu deni la simu likikatwa, chukua tena 1,500 badala ya 2,500. Mwezi ujao chukua 800. Wa tatu, usichukue. Kila ukishuka, kagua ada zako, kwa sababu huduma nyingi za simu hutoza kwa madaraja: ukiingia daraja la chini, ada ya siku nayo inashuka.

Kwa ovadrafti ya benki, andika barua au barua pepe uombe kikomo kipunguzwe, tuseme kwa 2,000 kila mwezi. Mwezi wa kwanza utaweza kutoa 36,000 baada ya mshahara badala ya 38,000. Utauhisi, lakini hautakuangusha. Kwa mwendo huo, 40,000 inaisha kwa miezi 20. Ukiweza 4,000, inaisha kwa miezi 10.

Kwa nini upunguze kikomo na usijiambie tu "sitachukua"? Kwa sababu tarehe 25 mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya fees, ile nafasi iliyo wazi itakuita. Kikomo kikishapungua, nafasi haipo tena, na unalazimika kutafuta njia nyingine: kuongea na bursar, kulipa nusu, au kusubiri wiki moja.

Jambo moja zaidi: usitoe hadi shilingi ya mwisho. Riba huhesabiwa kila siku lakini kwa kawaida hukatwa mwisho wa mwezi. Kama umeshafika kikomo, riba yenyewe inaweza kukusukuma uvuke, na uanze kutozwa adhabu. Acha angalau 1,000 bila kuguswa.

Hatua ya 3: Usile akiba yako kwa ada za kutuma

Wengine wameambiwa walipe kidogo kidogo kila wiki ili kupunguza riba. Ni wazo zuri, lakini piga hesabu kwanza.

Tuseme unataka kulipa 4,000 kwa mwezi. Ukilipa 1,000 kila wiki badala ya zote mwisho wa mwezi, kwa riba ya asilimia 20 utaokoa kama shilingi 23 tu. Kama kila kutuma kwenda benki kunakugharimu shilingi 15, kutuma mara nne ni 60. Umetumia 45 zaidi ya ambaye angetuma mara moja, ili kuokoa 23. Hapo umepata hasara.

Kwa hivyo kwa benki, tuma mara moja au mbili kwa mwezi, siku ile ile pesa inapoingia. Kwa ovadrafti ya simu inayotoza ada kila siku, ni kinyume: lipa mapema, maana siku moja tu ni pesa.

Bila shaka, kama unajijua pesa ikikaa kwenye simu haifiki Ijumaa, afadhali ulipe ada ya kutuma. Shilingi 15 ni nafuu kuliko 1,000 iliyopotelea kwa vitu vidogo vidogo.

Hatua ya 4: Badilisha deni lisilo na mwisho liwe lenye mwisho

Benki nyingi zinaweza kuigeuza ovadrafti kuwa mkopo wa kawaida wenye malipo ya kila mwezi. Waulize. Kama uko kwenye Sacco, linganisha huko pia. Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa deni linalobaki. Kwa 40,000 ya miezi 12, utalipa karibu 3,555 kwa mwezi, na riba yote itakuwa kama 2,650. Ukikaa na ovadrafti ya 40,000 mwaka mzima kwa asilimia 20, riba ni 8,000, na bado utadaiwa 40,000 ile ile.

Lakini kuna masharti mawili. Kwanza, hakikisha 3,555 unaiweza hata mwezi mbaya, maana ukishindwa, wadhamini wako ndio watakaokatwa. Pili, siku unayolipa ovadrafti, ifunge kwa maandishi. Ukiiacha wazi, baada ya miezi mitatu utakuwa na madeni mawili.

Na tafadhali, usichukue mkopo wa app moja kulipa nyingine. Huko ni kuchimba shimo jipya ili kufukia la zamani.

Kama huwezi kulipa kabisa

Kwanza chakula, nyumba, dawa, na mtaji wa biashara unaokulisha. Kisha nenda benki mapema. Mkopo usiolipwa kwa siku 90 huhesabiwa kuwa mbaya, na kabla ya hapo una nafasi nzuri zaidi ya kuomba upangiwe upya. Nenda na kiasi unachoweza kulipa kweli. Afadhali useme 1,500 na uitimize kuliko kuahidi 5,000 na kupotea.

Jua pia haki zako:

- Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika 2007, kinaweka mpaka. Deni likishahesabiwa kuwa mbaya, riba inayoongezeka haiwezi kuzidi kiasi ulichokuwa unadaiwa siku hiyo. Gharama za kukufuatilia ulipe zinaweza kuongezwa.
- Tangu Aprili 2020, deni la chini ya shilingi 1,000 halipaswi kukupeleka CRB.
- Una haki ya kupata ripoti yako ya CRB bure mara moja kwa mwaka. Itazame, makosa hutokea.
- Ukishalipa, omba barua ya kuthibitisha. Rekodi ya kuchelewa inaweza kubaki kwa miaka mitano, lakini itaonyesha kwamba umelipa.

Na akipiga mtu simu akisema atakutoa CRB leo ukimtumia "ada ndogo", kata simu. Hakuna anayefuta rekodi ya kweli kwa malipo ya mlangoni. PIN yako usimpe mtu, hata akisema anatoka kwetu.

Fanya haya wiki hii

1. Andika madeni yako yote na kila moja linakula shilingi ngapi kwa siku.
2. Chagua linalokula zaidi, na uamue utapunguza kiasi gani siku ya mshahara.
3. Iandikie benki kuomba kikomo kipunguzwe kila mwezi.
4. Pitia taarifa ya akaunti ya miezi mitatu iliyopita na ujumlishe riba na ada zote ulizokatwa.

Hiyo namba ya mwisho wengi hawajawahi kuiona. Iandike mahali utaiona kila siku. Ndiyo pesa utakayoanza kurudishia nyumba yako, mwezi baada ya mwezi.