Askari, Isome Barua ya Shule ya Mtoto Wako

Katika kambi za jeshi na kota za polisi nchini Uganda, mara kwa mara mtoto wa shule ya msingi hurudi nyumbani na karatasi katika mkoba wake. Pengine imekunjika, pengine imeingia madoa ya wino au ya chakula. Mtoto humkabidhi mama yake, naye mama huiweka juu ya kabati akimngojea baba atoke zamuni. Karatasi hiyo ni barua ya mwalimu mkuu. Ndani yake zimo habari za mwezi uliopita na makumbusho ya mwezi ujao: siku ya mkutano wa wazazi, siku ya kufunga shule, mchango wa chakula cha mchana, mtihani, chanjo, sare zilizochakaa na watoto wanaochelewa asubuhi. Siku hizi shule nyingine hutuma maneno hayo hayo kwa simu ya mkononi.

Ni barua fupi, tena ya kawaida. Hata hivyo, mzazi asiyeisoma anaweza kumpotezea mtoto wake mwaka mzima wa masomo. Jambo hili humhusu kila mzazi, lakini humhusu askari zaidi, kwa sababu askari hayuko nyumbani kama mkulima au mwenye duka. Leo yuko lindoni usiku kucha, kesho yuko doria, na mwezi ujao huenda akapata uhamisho wa kwenda upande mwingine wa nchi. Tangu mwezi Machi 2007 wanajeshi wengi wa Uganda wamepata kutumwa Somalia, na wengine wameingia Kongo tangu Novemba 2021. Huko mbali baba au mama askari hupata habari za kambi yake kila siku, lakini habari za darasa la mtoto wake humfikia kwa nadra.

KWA NINI SHULE HUANDIKA

Yafaa ikumbukwe jinsi shule zetu zilivyobadilika. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulipoanza mwaka 1997, Serikali iliahidi kwanza kuwalipia watoto wanne wa kila familia, kisha mlango ukafunguliwa kwa watoto wote. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 1997. Madarasa yalijaa. Mwalimu aliyekuwa akimjua kila mzazi kwa jina alijikuta mbele ya umati wa watoto. Mwalimu huyo hawezi kupita nyumba kwa nyumba. Barua ndiyo miguu yake.

Wako wazazi wanaodhani kwamba, maadam Serikali inalipa karo, kazi yao imekwisha. Sivyo. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeifanya elimu ya msingi ya miaka 7 kuwa ya lazima kwa watoto kuanzia umri wa miaka 6, na imegawa kazi waziwazi. Mzazi au mlezi ndiye anayepaswa kumwandikisha mtoto shuleni, kumpa mwongozo mwema, na kumpatia chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri. Kwa hiyo mwalimu mkuu anapoandika kuhusu uji, viatu au daftari, haombi sadaka. Anamkumbusha mzazi jambo ambalo sheria imemkabidhi.

Hili la chakula lahitaji neno moja zaidi. Mtoto anayeondoka kambini saa kumi na mbili asubuhi bila kunywa chai, kisha akakaa hadi alasiri bila kula, hawezi kusikiliza hesabu. Macho yapo ubaoni lakini mawazo yapo tumboni. Askari anayajua mambo haya kwa mwili wake mwenyewe, maana hakuna kikosi kinachopiga mwendo bila chakula. Kama shule imeomba mahindi, maharagwe au fedha kidogo kwa ajili ya uji, na mkutano wa wazazi umekubali, basi mchango huo na utengwe siku ile ile ya mshahara, kabla ya matumizi mengine kuanza kuvuta.

MWAKA WA SHULE NA MAMBO YAKE

Mwaka wa shule nchini Uganda una mihula mitatu. Kwa kawaida wa kwanza huanza karibu na mwezi Februari, wa pili huanza baada ya likizo ya mwezi Mei, na wa tatu huanza Septemba na kumalizika karibu na mwanzo wa Desemba. Mzazi anayeujua mpangilio huu hashtuki barua inapofika.

Barua za muhula wa kwanza huzungumzia uandikishaji, sare na vifaa. Hapo shule hutaka jina kamili la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa. Wengi hulipuuza jambo hili. Mtoto huitwa jina moja nyumbani, jingine kliniki, na la tatu shuleni. Afikapo darasa la saba, jina linaloandikwa katika usajili wa mtihani ndilo litakaloonekana katika hati yake ya matokeo, na kulisahihisha baadaye ni usumbufu mkubwa. Heri jina lilinganishwe mapema na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi.

Mwezi wa Aprili na wa Oktoba ni miezi ya afya ya mtoto. Wahudumu wa afya hufika mashuleni na vijijini kutoa dawa za minyoo kwa watoto hadi umri wa miaka 14. Aidha, tangu mwaka 2015 wasichana wa miaka 10 kote nchini hupewa chanjo ya kuwakinga na saratani ya shingo ya kizazi. Barua ya shule hutaja siku ya kazi hizo. Mzazi akishaiona siku hiyo, asimzuie mtoto nyumbani kwa sababu ya uvumi aliousikia kantini. Aliye na shaka na aende zahanati ya kambi akaulize.

Muhula wa tatu ni wa darasa la saba. Kwa kawaida mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, unaosimamiwa na Baraza la Mitihani la Uganda, hufanyika mwezi Novemba kwa siku mbili. Masomo ni manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kila somo hupewa alama kuanzia 1 hadi 9, na alama ndogo ndiyo bora. Kwa hiyo mtoto aliyefanya vizuri kuliko wote hupata jumla ya 4, na anayepata kati ya 4 na 12 huingia daraja la kwanza. Mzazi asiyejua hesabu hii huweza kumgombeza mtoto aliyepata 10 na kumsifu aliyepata 30.

UHAMISHO NA MTOTO

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza watoto wa askari kuliko wengine. Amri ya uhamisho ikitoka, askari hufunga mizigo. Hilo ndilo jeshi na hiyo ndiyo polisi; hakuna wa kubishana. Lakini kabla ya kumpakia mtoto garini, mzazi hana budi kutazama mambo mawili.

La kwanza ni darasa la saba. Usajili wa mtihani hufanywa miezi mingi kabla ya Novemba, na mtahiniwa hufanya mtihani katika kituo alichosajiliwa. Askari aliyehamishwa mwezi wa Julai akamchukua mtoto wake wa darasa la saba kutoka Mbarara hadi Gulu, amemtenga na kituo chake. Itabidi mtoto arudi alikotoka siku za mtihani, akiwa mgeni katika darasa lililokuwa lake, au aukose mtihani na kurudia mwaka. Ni afadhali mtoto huyo aachwe kwa jamaa au mke wa askari mwenzake hadi Novemba ipite, au shule itakayompokea iulizwe mapema kabla usajili haujafungwa.

La pili ni la watoto wadogo, nalo halijulikani sana. Tangu mwaka 2007 mtaala wa darasa la kwanza hadi la tatu umeagiza kwamba watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapokaa, kisha darasa la nne liwe la kuvukia kwenye Kiingereza. Mpango huo ni mwema kwa mtoto anayekua mahali pamoja. Lakini mtoto wa askari aliyeanza kusoma kwa Kiacholi huko Gulu, akahamia Mbarara akiwa darasa la pili, hukuta herufi zile zile zikisema Kinyankole. Mwalimu mgeni huweza kumwona mjinga, kumbe mtoto ana akili timamu ila hajui maneno. Katika miji yenye makabila mengi shule nyingi hufundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo. Kwa hiyo askari anayehama na mtoto wa madarasa hayo amwulize mwalimu mkuu swali moja: hapa mnafundisha kwa lugha gani? Kisha amweleze mwalimu wa darasa alikotoka mtoto na lugha aliyoanzia. Maelezo ya dakika tano yaweza kumwokoa mtoto na aibu ya mwaka mzima.

Zaidi ya hayo, asiondoke bila barua ya uhamisho ya shule na ripoti ya muhula wa mwisho. Mzazi asiyesoma barua za mwezi mara nyingi hata hajui kwamba ripoti hiyo ilikwisha tolewa.

ALIYE MBALI ANA NJIA

Askari aliye mpakani au ng'ambo atasema: mimi nitaisomaje barua iliyo Kampala? Njia ipo. Kabla ya safari, amchague mtu mmajo wa kupokea habari za shule, awe mke, mume, dada, au jirani mwaminifu wa kota, na jina la mtu huyo lipelekwe kwa mwalimu mkuu pamoja na nambari ya simu. Mtu huyo aisome barua kila ifikapo, kisha amwambie askari mambo matatu tu: shule inataka nini, lini, na mtoto amekosa siku ngapi. Simu ya kumwuliza mama watoto kama fedha zimefika ni njema, lakini na iulizwe pia habari ya darasani.

Kuna pia suala la lugha. Barua nyingi za shule huandikwa kwa Kiingereza, na wako askari hodari ambao Kiingereza hakikuwafikia vya kutosha. Si aibu. Mwache mtoto asome na kufasiri mbele yako. Utajua habari za shule, na wakati huo huo utajua kama mtoto wako anaweza kusoma.

Kwa upande wa Kiswahili, askari ana utajiri ambao wazazi wengi hawana. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wa somo hilo hawajatosha. Lakini Kiswahili kimekuwa lugha ya jeshi na polisi tangu zama za wakoloni, nacho kinasikika kambini kuanzia gwaride hadi kantini. Mtoto wa askari akisaidiwa nyumbani kukisema kwa adabu na kukiandika kwa usahihi, atakuwa mbele ya wenzake.

SARE ISIENDE KUTISHA

Mwisho, lazima tuseme jambo ambalo baadhi yetu hawatalipenda. Barua ikileta malalamiko kuhusu mtoto, wako askari wanaokwenda shuleni wakiwa na sare na sauti ya gwaride, mwalimu akatetemeka. Mwalimu aliyetishwa hatampiga mtoto huyo, lakini hatamfundisha pia, atamwepuka. Wengine hufanya kinyume: humwambia mwalimu amchape mtoto mpaka anyooke. Hayo nayo hayafai. Sheria ya Watoto kama ilivyorekebishwa mwaka 2016 imekataza adhabu ya viboko shuleni, na polisi hasa hawezi kumwomba mwalimu avunje sheria ambayo yeye mwenyewe ameapa kuilinda. Nenda kama mzazi, keti, msikilize mwalimu, kisha useme neno lako.

Nchi yetu imekwisha onja hasara ya watoto kukaa bila shule. Shule zilifungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili ilipotea, na wako watoto ambao hawakurudi tena darasani. Wakati ule hapakuwa na mzazi aliyeweza kuufungua mlango wa shule. Leo mlango uko wazi, na siku zinazopotea sasa hupotea kwa uzembe wetu: siku ya sare isiyonunuliwa, siku ya daftari lililokwisha, siku ya mkutano uliosahauliwa.

Basi, ndugu askari, utokapo zamuni leo, uliza barua ya mwezi huu iko wapi. Isome yote. Andika tarehe zake mahali unapoandika tarehe za zamu zako, tia sahihi yako chini, na mtoto airudishe kesho asubuhi kwa mwalimu wake.