Rufaa na Uwakala: Kazi Hufanywa kwa Jina la Nani?

Kisiwa cha Fundo kimejinyoosha chembamba magharibi ya Wete, Pemba, na hakifikiki ila kwa chombo cha baharini. Mgonjwa wa huko akihitaji kupasuliwa, mhudumu wa kituo kidogo cha afya hashiki kisu. Huandika rufaa, mgonjwa akavushwa kwa boti hadi Hospitali ya Wete. Hakuna anayekilaumu kituo kwa kukosa chumba cha upasuaji. Kingelaumiwa kama kisingejua pa kumpeleka mgonjwa. Sasa tazama shughuli nyingine ya kawaida Pemba nzima: ndoa. Baba wa bibi harusi ndiye walii, lakini mara nyingi haozeshi mwenyewe. Humpa uwakala kadhi au shekhe, naye humwozesha bwana harusi kwa kutamka wazi kwamba anafanya hivyo kwa niaba ya baba yake binti. Kote kuwili kazi imepita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, ila si kwa namna moja. Daktari wa Wete hupasua kwa jina lake na kwa elimu yake. Kadhi huozesha kwa jina la mwenzake. Tofauti hii, ambayo Mswahili huijua bila kufundishwa, ndiyo inayowakwaza waandishi wengi wa programu za kompyuta, na hoja ya makala haya ni kwamba wangeikosea mara chache zaidi kama wangejiuliza swali moja tu: kazi hii inafanywa kwa jina la nani?

Mtindo wa kupanga programu kwa vitu ulizaliwa Oslo, Norwei, katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotunga lugha ya Simula. Katika mtindo huu programu si orodha ndefu ya amri, bali ni jamii ya vitu. Kila kitu kina habari zake na kazi zake, na kikitaka jambo kwa kingine hukiomba. Hakiingizi mkono ndani yake. Vitu vya aina moja hutokana na kigezo kimoja kiitwacho klasi. Simula 67 ikaleta pia urithi: klasi mpya inaweza kuzaliwa na klasi ya zamani, ikapata kazi zake zote bila kuziandika upya. Mbinu hiyo ilipendwa mno, kwa kuwa iliokoa jasho. Lakini urithi wa klasi si kama mirathi tuijuayo. Katika sheria ya mirathi ya Kiislamu, deni la marehemu hulipwa kabla mali haijagawiwa. Klasi hurithi mali na madeni kwa pamoja, wala haina uwezo wa kukataa fungu.

Ushahidi hauko mbali. Lugha ya Java, iliyotolewa mwaka 1996, ina klasi iitwayo Stack, yaani rundo: mfano wa sahani zilizopangwa moja juu ya nyingine, ambapo unaweka juu na kuondoa juu. Walioiandika waliifanya mtoto wa Vector, orodha ambayo humruhusu mtu kuingiza kitu popote. Matokeo yake ni rundo linalokubali sahani ichomekwe katikati au ichomolewe chini kabisa, jambo linalofuta maana ya kuwa rundo. Kosa hilo limebaki hadi leo, kwa sababu kuliondoa kungevunja programu zilizokwisha kulitegemea. Joshua Bloch, mmoja wa wabunifu wa maktaba za Java, alionyesha mfano wa hila zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2001. Tuseme tunataka kapu linalohesabu kila kilichotiwa ndani yake. Tunaunda klasi inayorithi HashSet, kisha tunaongeza kihesabio mahali pawili: kwenye kazi ya kutia kimoja kimoja na kwenye kazi ya kutia kwa mkupuo. Tukitia vitatu kwa mkupuo, kihesabio kinasoma 6. Kumbe kazi ya mkupuo ya mzazi, kwa ndani, huiita ile ya kimoja kimoja, na mwito huo hurudi kwa mtoto, ambaye huhesabu tena. Mwandishi hakukosea hesabu. Alirithi tabia ya ndani ambayo hakuambiwa kuwa ipo.

Dawa aliyoieleza Bloch ni rufaa. Kapu letu lisiwe mtoto wa HashSet, bali liwe na HashSet tumboni mwake. Likiombwa kutia vitatu, huhesabu vitatu, kisha humkabidhi aliyemo ndani kazi ya kutia. Huyo wa ndani hufanya kwa jina lake mwenyewe, na akijiita hujiita yeye, si kapu. Kihesabio kinasoma 3. Waandishi wanne wa kitabu cha Design Patterns walikwisha kushauri hivyo mwaka 1994: unganisha vitu kabla ya kukimbilia urithi. Kuna faida ya pili. Katika lugha kama Java, mzazi wa klasi huamuliwa programu inapoandikwa, lakini mkabidhiwa anaweza kubadilishwa programu ikiwa inaendelea kufanya kazi, kama vile mgonjwa anavyoweza kupelekwa Chake Chake iwapo Wete haina nafasi.

Je, uwakala hauna kazi basi? Unayo, na ni kubwa. Mwaka 1986 Henry Lieberman wa MIT aliueleza kwa makini: kitu kisichojua kujibu humpa mwenzake ajibu kwa niaba yake, lakini mwenzake akihitaji habari yoyote au kazi nyingine, sharti arudi kuuliza kwa aliyemtuma. Ndivyo afanyavyo kadhi asiye na hakika ya mahari: hakadirii mwenyewe, humrudia walii. Lugha ya Self, iliyoelezwa mwaka 1987 na David Ungar na Randall Smith, ilijengwa juu ya msingi huo bila klasi hata moja, na JavaScript, inayoendesha kurasa za intaneti kwenye simu zetu, iliurithi kutoka huko mwaka 1995. Humo kitu hutegemea kitu kingine, kiitwacho kielelezo chake, kwa kazi kisizozijua, lakini neno la kujitaja, this, hubaki kukielekea kile kilichoombwa kwanza. Sasa rudisha kapu letu hapa: likitoa uwakala badala ya rufaa, wa ndani atajiita kwa jina la kapu, na ile 6 itarudi. Ndiyo maana si haki kusema tu kwamba kukabidhi ni bora kuliko kurithi. Hata Kotlin, lugha iliyopewa jina la kisiwa kilicho karibu na Saint Petersburg, ina neno by ambalo waundaji wake huliita uwakala, ilhali linalofanya ni rufaa: mkabidhiwa hajui lolote juu ya aliyemtuma.

Watakaopinga wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba rufaa huongeza maandishi, kwa kuwa kila kazi lazima ipitishwe kwa mkono. Ni kweli kwa Java. Ila Kotlin hufanya hivyo kwa neno moja, na hata penye mistari ishirini ya ziada, ni mistari inayosomeka. Ya pili ni kasi. Mwito wa ziada una gharama, lakini mitambo ya leo inayoendesha Java huiyeyusha mingi ya miito hiyo, na kilichobaki ni kidogo sana ukilinganisha na kungoja hifadhidata au mtandao. Ya tatu ndiyo nzito: rufaa zikifuatana, kosa hukosa mwenyewe, kama mgonjwa anayezungushwa dirisha hadi dirisha. Hapa jibu ni nidhamu. Tazama DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioandikwa kwa Java, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, mji ule ule wa Simula, na unaotumika Zanzibar. Ndani yake tabaka la huduma haliandiki lenyewe kwenye hifadhidata. Hulikabidhi tabaka la hifadhi, na kila tabaka lina mpaka unaojulikana. Mnyororo ukiwa mfupi na kila pete ikiwa na wajibu wake, kosa hupatikana lilipo.

Urithi nao haufi. Mtoto akiwa kweli ni wa aina ya mzazi katika kila hali, na mwandishi wa mzazi akawa ameeleza tabia zake za ndani, kurithi ni halali na ni rahisi. Nje ya hapo, kabidhi. Na ukikabidhi, amua mapema kama unaandika rufaa au unatoa uwakala, kwa maana kompyuta haitakuuliza. Mwanafunzi mwenye shaka aandike lile kapu usiku huu: ni mistari michache, atie vitatu, aone 6, kisha abadilishe urithi kuwa rufaa na aone 3.