Maada ya giza: hakuna mutu ameiona, lakini uzito wake unapimwa

Wakaaji wa Goma na wa pembeni ya ziwa Kivu wanajua mazuku. Ni gazi yenye haina rangi. Inatoka ndani ya udongo, na kwa sababu iko nzito kupita hewa, inakaa chini, mu mashimo na fasi zenye zimeinama. Mutu anapita hapo haoni kitu. Kiisha asubuhi anakuta mbuzi imelala imekufa. Hakuna mwenye aliona gazi. Watu walijua iko, juu ya vile inafanya.

Wataalamu wa nyota wako na shida ya namna hiyo, lakini yao inagusa ulimwengu muzima. Wanaiita maada ya giza. Wanafunzi wa sekondari wataikuta kwa Kifaransa: matière noire. Maada ni kila kitu chenye kiko na uzito: jiwe, maji, hewa, mwili wa mutu, nyota. Hii ya giza iko na uzito, lakini haitoe mwangaza na haizuie mwangaza. Watu wamoja wakisikia neno "giza" wanafikiri mambo ya uchawi. Hapana. Ni hesabu ya uzito yenye ilikataa kutimia.

Hesabu ilikataa wapi?

Katika mwaka wa 1933, Fritz Zwicky, mutaalamu wa Uswisi mwenye alikuwa anafanya kazi Marekani, aliangalia kundi la galaksi lenye linaitwa Coma. Galaksi ni mukusanyiko wa nyota mingi sana. Jua letu na sisi wote tuko ndani ya galaksi moja. Zwicky akapima mbio ya galaksi zile, akaona zinakimbia kupita kiasi. Uzito wa nyota zenye zinaonekana haungetosha kuzishika pamoja. Kwa miaka mingi watu hawakufuata sana jambo hilo.

Mwenye aliwafanya waamini ni mwanamuke, Vera Rubin, pamoja na mwenzake Kent Ford. Katika mwaka wa 1970 walitangaza vipimo vya galaksi ya Andromeda. Ili kuelewa chenye waliona, tuanze na jua letu. Sayari ya karibu na jua, Mercure, inakimbia kilometre 47 kwa sekunde. Dunia, 30. Neptune, yenye iko mbali kabisa, 5 tu. Kadiri unakwenda mbali, mvuto unapunguka, na mbio pia inapunguka.

Ndani ya Andromeda haiko vile. Nyota za pembeni zinakimbia karibu sawa na zile zenye ziko ndani. Mutoto akizungusha jiwe kwa kamba, kadiri anazungusha mbio, kamba inapaswa kuwa na nguvu. Kamba ikikatika, jiwe linakwenda. Nyota zile haziende. Basi kuko kamba yenye hatuoni: uzito mwingine, mwingi, wenye umezunguka galaksi nzima.

Kuko ushahidi mwingine pia. Einstein alionyesha kama kitu kizito kinapinda mwangaza wenye unapita karibu yake. Kwa kupima vile mwangaza unapindika, wataalamu wanapima uzito hata wa kitu chenye hakionekane. Katika mwaka wa 2006 walitangaza vipimo vya makundi mawili ya galaksi yenye yaligongana. Gazi ya makundi yote mawili ilikwama katikati. Lakini uzito mukubwa ulikuwa umepita, umekwenda pande zote mbili, kama vile haukugusana na kitu.

Leo hesabu inasema hivi: kwa kila kilo moja ya maada ya kawaida, kuko karibu kilo tano za maada ya giza.

Sasa ni kitu gani?

Wazo la kwanza lilikuwa nyepesi: pengine ni nyota zenye zimezimika ao sayari zenye hazina mwangaza. Walizitafuta, wakaona hazitoshe.

Wazo la pili ni neutrino, vipande vidogo sana vyenye vinapita ndani ya kila kitu. Hizo ziko kweli. Lakini ni nyepesi mno na zinakimbia mno. Hazingeweza kukusanyika kuzunguka galaksi.

Wengi wanafikiri ni vipande vya namna nyingine, vyenye bado havijajulikana. Wamoja wanasema ni vizito, wengine wanasema ni vyepesi kabisa, vinaitwa aksioni. Kuko na wenye wanafikiri juu ya mashimo meusi yenye yalizaliwa wakati ulimwengu ulianza.

Wanavitafuta chini ya udongo. Katika jimbo la South Dakota, Marekani, kuko muchimbo wa zamani wa dhahabu, Homestake, wenye ulifungwa mwaka wa 2002. Karibu kilometre moja na nusu chini, wameweka tangi lenye tani 10 za gazi ya xenon yenye imefanywa kuwa maji. Mawe ya juu yanazuia miali yenye inatoka mbinguni kila siku, ili kimya kiwe kikubwa. Kipande cha maada ya giza kikigonga xenon, mashini itaona mwangaza kidogo. Mpaka sasa haijaona.

Basi wamoja wanauliza: pengine hakuna kitu, pengine ni sheria ya mvuto tuliielewa vibaya? Mordehai Milgrom wa Israeli alisema hivyo mwaka wa 1983. Wazo lake linaeleza vizuri mbio ya nyota, lakini linashindwa kueleza makundi ya galaksi.

Na historia haichague upande. Sayari Uranus ilipokuwa haifuate hesabu, Mufaransa Le Verrier alisema kuko sayari ingine yenye inaivuta. Katika mwaka wa 1846 wakaangalia, wakaikuta: ni Neptune. Mercure nayo ilipokataa hesabu, akasema tena kuko sayari yenye imejificha karibu na jua. Walitafuta miaka mingi, hakuna kitu. Mwaka wa 1915 Einstein akaonyesha kama sheria yenyewe ndiyo ilikuwa ya kurekebishwa.

Wazazi wamoja watauliza kama hii kitu iko hatari kwa watoto. Kama ni vipande vyenye wataalamu wanafikiri, basi vinapita ndani ya mwili wako sasa hivi, bila kukugusa. Maada ya giza haina shida na wewe. Mazuku ndiyo inaua: usiache mutoto acheze mu mashimo yake, na usilaze mutu chini kule.