Kinachoishika Reli Ndogo

Kwenye reli halisi, kokoto zina kazi nzito. Zinaubeba uzito wa treni na kuusambaza ardhini, zinayazuia mataruma yasisogee, na zinayapa maji ya mvua pa kupita. Kwenye reli ya mfano iliyojengwa juu ya meza, kazi hizo zote hazipo. Kichwa cha treni cha kipimo cha HO, yaani kilichopunguzwa mara 87, kwa kawaida hakifiki kilo moja, na chumbani hakunyeshi. Kokoto zimebaki kuwa pambo. Ndiyo maana anayeanza kujenga hana budi kujiuliza: njia inashikwa na nini, na ishikwe kwa nguvu kiasi gani?

Naamini ishikwe kiasi cha kutohama tu, basi. Wanaoharibu kazi kwa kukaza mno ni wengi kuliko wanaoiharibu kwa kulegeza.

Kwanza tuone ukubwa wa kitu chenyewe. Upana wa njia ya HO ni milimita 16.5, ambao ndio ule wa milimita 1,435 wa SGR ya Kenya na ya Tanzania ukiugawa kwa 87. (Anayetaka kuiga reli yetu ya zamani ya mita moja hutumia njia ya milimita 12.) Kwa kipimo hicho, njia iliyohama nusu milimita ni sawa na reli halisi iliyohama zaidi ya sentimita nne. Ukingo wa gurudumu dogo hauvumilii mengi. Behewa likianguka kila mara mahali palepale, usianze na behewa. Inama, jicho liwe usawa wa reli, utazame njia.

Njia huhama kwa sababu mbili, joto na unyevu, na wa pili ndiye adui mkubwa. Reli za HO za siku hizi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Mita 10 za reli hiyo hurefuka kama milimita 3 joto likipanda nyuzi 20. Mbao haijali sana joto, ila hunyonya unyevu wa hewa ikavimba, kisha hukauka ikasinyaa, na husinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu. Huko Marekani na Ulaya, nyumba zinazopashwa moto wakati wa baridi huwa na hewa kavu mno. Fremu ya meza husinyaa, reli haisinyai nayo, na reli isiyo na pa kwenda hujikunja kando. Aliye Mombasa au Tanga ana masika na kiangazi badala ya baridi na joto, lakini mbao ni ileile. Paka rangi plaiwudi na fremu pande zote, hata chini kusikoonekana, na hasa kwenye kingo zilizokatwa. Rangi haizuii unyevu, inauchelewesha tu, ila huko kuchelewesha kunasaidia sana.

Juu ya plaiwudi huja tuta. Wengi hutumia utepe wa gome la mwaloni, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Utepe wa HO una unene wa milimita 5 hivi, sawa na karibu nusu mita katika reli halisi, na umepasuliwa kwa mshazari katikati: unauachanisha vipande viwili, unaviweka mgongo kwa mgongo kwenye mstari wa penseli unaoonyesha katikati ya njia, na miteremko ya kando inatokea yenyewe. Maungio ya kipande cha kushoto yasikutane na ya kulia. Gundi nyeupe ya seremala inatosha, na pini za kushikilia zing'olewe ikishakauka. Baada ya hapo fanya jambo ambalo wengi huliruka: funga msasa kwenye kipande cha bao kilichonyooka, upitishe juu ya tuta lote. Utaona vumbi likitoka mahali fulani tu, na hapo ndipo palipokuwa na kinundu. Kinundu kisichoonekana kwa macho hunyanyua gurudumu la mbele la behewa refu, na ukishatandika reli juu yake hukiondoi tena.

Wamarekani wengi wa zamani walipenda Homasote, mbao za karatasi iliyoshindiliwa zinazotengenezwa New Jersey, kwa kuwa zinashika msumari vizuri. Kwa anayetandika reli kwa mkono, taruma moja moja na kijisumari kimoja kimoja, sifa hiyo ina maana. Kwa anayetumia njia ya dukani haina maana kubwa. Wengine hujenga juu ya povu gumu la polistaireni, ambalo ni jepesi na halivimbi kwa unyevu. Tahadhari yake ni moja: gundi ya viatu na nyingine zenye harufu kali huliyeyusha povu hilo papo hapo.

Sasa reli yenyewe. Misumari midogo inayopita katikati ya taruma ndiyo mbinu ya zamani, na uzuri wake ni kwamba inang'oka. Ubaya wake uko kwenye pigo la mwisho la nyundo. Taruma ni plastiki nyembamba. Msumari ukizama mno, taruma linabonyea katikati, reli mbili zinainamiana na upana unapungua. Chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa 1935, kina kipimo cha bati ambacho unakisukuma juu ya njia kuhakikisha upana. Kipitishe juu ya kila msumari, nawe utagundua upi umebana.

Chaguo langu ni akriliki ya kuzibia nyufa, ile inayokamuliwa kwa bunduki kutoka kwenye tyubu. Usinunue silikoni, maana haishiki rangi wala kokoto. Siri iko kwenye wembamba. Kamua mstari mmoja katikati ya tuta, kisha uutandaze kwa skrepa mpaka rangi ya gome ionekane kupitia akriliki. Ikipanda kati ya mataruma umeweka nyingi mno. Laza njia juu yake, isogeze kufuata mstari, ishikilie kwa pini, na uweke juu yake makopo ya maharage yaliyojaa. Unao muda wa kutosha wa kurekebisha kona kabla haijashika. Ikikauka hubaki na ulaini fulani, na ulaini huo ndio ninaoutaka: njia haihami, lakini haijafungwa kama kwa saruji. Chini ya pointi, pale njia inapogawanyika, usiweke kabisa. Tone moja likiingia kwenye ndimi zinazosogea, pointi imekufa. Majirani zake wa pande zote mbili wataishikilia.

Njia inayopindika huuzwa kwa urefu wa sentimita 91 hivi. Kwenye kona, unganisha vipande viwili kwa lehemu vikiwa bado vimenyooka juu ya meza, ndipo uvipinde pamoja. Ukiunganisha baada ya kupinda, kiungo hujaribu kunyooka na kona inapata pembe. Kwenye sehemu zilizonyooka fanya kinyume: usilehemu kila kiungo, acha upenyo mdogo hapa na pale ili reli ipumue. Kwa umeme usikitegemee kiungio cha kuchomeka, kwa sababu hulegea na kushika kutu; shusha waya kutoka kila kipande cha reli hadi kwenye nyaya kuu chini ya meza. Kisha pitisha ukucha juu ya kila kiungo. Ukikwama, gurudumu nalo litakwama, na tupa laini inamaliza kazi.

Baada ya hapo endesha treni, na uendelee kuendesha kwa wiki nyingi, mbele na nyuma, taratibu na kwa kasi, mabehewa yakivutwa na yakisukumwa. Usiguse kokoto. Ninalisisitiza hili kuliko jingine lolote, kwa sababu kokoto zikishamwagiwa gundi, marekebisho yoyote yanakuwa ubomoaji.

Kokoto zenyewe zimwage kavu, zipange kwa brashi laini, zilowanishe kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo (bila sabuni maji hujikusanya matone na kuzisomba), halafu dondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji mara mbili au tatu ya ujazo wake. Hapa kuna gharama. Gundi hiyo ikikauka huwa ngumu, na hujenga daraja kutoka kwenye reli hadi kwenye plaiwudi ikilipita gome, kiasi kwamba meza yote huanza kuvuma kama ngoma treni ikipita. Wanaojali ukimya hutumia gundi ya mpira inayobaki laini, au huhakikisha kokoto za kwenye mteremko wa tuta hazifiki kwenye plaiwudi.

Siku ya kubadilisha njia itafika, kwa kuwa hakuna mjenzi asiyebadili mawazo. Kokoto zilizoshikwa na gundi nyeupe zinalowekwa kwa maji ya moto kwa muda, zinalainika, na zinakwanguliwa. Kisha skrepa nyembamba inapenyezwa kati ya mataruma na gome, ikilazwa bapa na kusukumwa polepole kwa kuyumbishwa kushoto na kulia, na akriliki inaachia bila kuzipinda reli. Mabaki yake yanasuguliwa kwa kidole, tuta linapitishiwa msasa, na njia ileile inaweza kutandikwa tena upande wa pili wa meza.